Kimya cha Mtoto Aliyelala

Mama aliyeshuku kwamba mwanawe hasikii alikuwa na kipimo kimoja tangu zamani. Alinyata mpaka nyuma ya mtoto, akapiga makofi au akagonga sufuria kwa mwiko, kisha akatazama kama kichwa kitageuka. Kichwa kikigeuka moyo wake ulitulia. Kisipogeuka jirani aliitwa ajaribu yeye. Kipimo hiki hakikutaka fedha wala tabibu, na hapana haja ya kukicheka, maana waliokitumia hawakuwa na kingine. Lakini kilidanganya kwa njia nyingi. Mtoto kiziwi aliweza kugeuka kwa sababu aliona kivuli ukutani, au upepo wa makofi ulimpata shingoni, au mtikisiko wa sufuria ulipita sakafuni ukamfikia miguuni. Mtoto mwenye masikio mazima aliweza kutogeuka kwa sababu alikuwa amezama katika mchezo wake. Na baina ya hawa wawili alikuwapo wa tatu, ambaye kipimo hiki kilimponza kuliko wote: yule asikiaye nusu.

Mtoto wa namna hii husikia ngoma, husikia mlango ukibamizwa, husikia sauti nene ya baba yake. Asizozisikia ni sauti nyembamba na sauti hafifu: s, sh, f, ch, na pumzi ya h. Katika Kiswahili hasara hiyo si ndogo. “Atakuja” na “hatakuja” hutengwa na pumzi moja tu, na mtu anayejikania jambo mwenyewe hufungua neno lake kwa s. Anayepotewa na sauti hizo huambiwa ndiyo na siyo kwa neno lile lile, halafu huulizwa kwa nini hakufanya alivyoagizwa. Amegeuka sufuria ilipogongwa, kwa hiyo nyumba nzima imeapa kwamba masikio yake hayana kasoro.

Lugha nayo imemwekea mtego. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, na pia husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu. Mtoto anayetii huitwa msikivu; asiyetii husemwa “hasikii.” Neno moja limebeba masikio na tabia pamoja, na katika mazungumzo ya kila siku hapana anayeona taabu. Taabu ni ya yule mtoto. Akiitwa mara tatu asiitike, husemwa hasikii, na ni kweli. Lakini neno lililo kweli kwa maana moja huhukumiwa kwa maana nyingine, na kofi humshukia kwa ukaidi ambao hakuwa nao. Kofi la pili humfundisha kwamba watu hukasirika bila sababu. Akifika miaka minne au mitano bila maneno ya kutosha, huitwa mzito wa akili, na jina hilo humfuata shuleni akipelekwa shule.

Ndiyo maana kipimo kisichomhitaji mtoto ajibu, ageuke wala atii, ni jambo lenye uzito kuliko linavyoonekana. Mtu mzima hupimwa kwa kuulizwa. Huketishwa katika chumba kilichozuiwa kelele, akavalishwa visemeo masikioni, akaambiwa ainue mkono kila asikiapo mlio, na mlio hupunguzwa mpaka mkono usiinuke tena. Kipimo hicho ni kizuri, nacho kimejengwa juu ya uaminifu wa mjibuji. Mtoto wa wiki tano hana mkono wa kuinua kwa amri. Hana budi kuulizwa mahali pengine, ndani zaidi, ambapo jawabu hutoka lenyewe bila ya hiari yake.

Mahali hapo ni njia ipitwayo na sauti. Sauti huingia katika tundu la sikio, hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vilivyoshikana, na kifupa cha mwisho husukuma maji yaliyomo katika koklea, kiungo kidogo kilichojikunja kama gamba la konokono. Ndani ya koklea mna chembe zenye vinywele, yapata elfu kumi na tano katika kila sikio, na hizo hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kutoka hapo mshipa wa fahamu wenye nyuzi kiasi cha 30,000 huchukua umeme huo mpaka shina la ubongo, ambapo hupokewa na kupokezwa kituo kwa kituo kabla ya kufika juu. Safari ya kutoka koklea mpaka vituo vya juu vya shina la ubongo huchukua chini ya sehemu kumi za elfu za sekunde. Mtu akipepesa jicho mara moja, habari hiyo imekwisha kufika zamani.

Kwamba ubongo una umeme ni habari ya karne ya kumi na tisa. Mwaka 1875 Richard Caton wa Liverpool alieleza mikondo hafifu aliyoikuta katika bongo za wanyama. Hans Berger, tabibu wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena nchini Ujerumani, aliandika umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya fuvu mwaka 1924, akakaa na siri yake miaka mitano kabla ya kuichapisha mwaka 1929. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1934 wataalamu wa Cambridge, Adrian na Matthews, waliyarudia majaribio yake wakayaona yale yale, na tangu hapo jambo likakubaliwa. Mwaka 1939 mwanamke wa Kimarekani, Pauline Davis, alionyesha kwamba mstari wa umeme wa mtu aliye macho hubadilika mlio ukimfikia. Jawabu la sauti lilikuwa limeonekana, ila lilionekana kwa shida, kama mtu aonekanaye ndani ya umande.

Shida ilikuwa ni udogo. Umeme wa kawaida wa ubongo, ule usiokoma mchana wala usiku, hupimwa kwa makumi ya mikrovolti, na mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti. Jawabu la shina la ubongo kwa mlio mfupi aghalabu halifiki hata nusu ya mikrovolti moja. Ni kama mtu anong'onaye katikati ya soko lililojaa siku ya mkesha wa Idi. Juu ya kelele za soko huongezeka kelele za misuli: mtoto akimeza, akinyonya hewa, akikunja uso, umeme wa misuli yake huuzidi ule wa jawabu mara nyingi. Huongezeka pia mvumo wa nyaya za ukutani, ambao katika nchi za Afrika Mashariki hupiga mara 50 kwa sekunde.

Dawa ya shida hii ilipatikana kwa subira. Mwaka 1951 George Dawson wa London alionyesha mtambo uliojumlisha majibu mengi ya kichocheo kimoja. Hekima yake inaweza kuelezwa kwa soko lile lile. Wenye kupiga soga sokoni hawasemi kwa mpango. Huyu hupaza sauti sasa, yule baadaye. Mnong'onaji yeye hurudia neno lile lile, kwa muda ule ule, kila kengele inapogongwa. Mtu akikusanya miito elfu mbili na kuilaza mmoja juu ya mwingine, soga hupingana na kufutana, na mnong'ono hubaki. Haufutiki wote, lakini hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: miito 2,000 hupunguza kelele kiasi cha mara 45. Katika mwaka wa 1967 Sohmer na Feinmesser wa Jerusalem walichapisha majibu yaliyopatikana kwa njia hiyo, na miaka ya 1970 na 1971 Jewett na wenzake huko Marekani waliyaeleza kwa ukamilifu mawimbi yatokeayo katika sehemu kumi za elfu za kwanza baada ya mlio. Waliyapa namba za Kirumi, I mpaka VII. Wimbi la tano ndilo mashuhuri. Hutokea kiasi cha sehemu sita za elfu za sekunde baada ya mlio kwa mtu mzima, huchelewa kidogo kwa mtoto mchanga, na hubaki likionekana hata mlio ukipunguzwa mpaka mawimbi mengine yametoweka.

Achukuliwe kwa mfano mama mmoja wa mji wo wote wa pwani, aliyeleta mwanawe wa wiki tano apimwe kwa njia hii. Mtoto alipozaliwa alipata umanjano mkali akakaa chini ya taa siku kadhaa, na daktari amesema masikio yake yatazamwe. Mama ameambiwa amlete akiwa na njaa na usingizi, ili anyonye hapo hapo kisha alale, maana kipimo chote kimetegemea usingizi. Muuguzi husugua ngozi ya paji la uso na nyuma ya masikio, hubandika vibandiko vitatu vyenye nyaya, hutia visemeo vidogo katika masikio. Pangaboi huzimwa. Simu hutolewa nje. Milio mifupi huanza, tiki tiki tiki, ishirini au thelathini kwa sekunde, na kwa dakika moja na nusu hivi elfu mbili zimekwisha. Mama hukaa ameshika pumzi, kana kwamba pumzi yake nayo itaandikwa.

Kitokacho katika mtambo ni mstari. Zamani, na mahali pengi hata leo, mstari huo husomwa kwa macho. Msomaji huchukua mistari miwili ya kipimo kimoja akailaza pamoja: penye mlima katika wote wawili, na kwa wakati ule ule, husema pana jawabu, palipo na mlima katika mmoja na bonde katika wa pili, husema ni kelele. Mlio ukiwa mkubwa kazi hii ni nyepesi. Mlio ukikaribia mpaka wa usikivu, mlima hugeuka kifukofuko, na mabingwa wawili wenye miaka mingi ya kazi waweza kutazama karatasi moja wakatoa hukumu mbili. Hili si dogo. Huko Scotland, mwaka 2021, ilichapishwa ripoti iliyopitia kumbukumbu za zaidi ya watoto elfu moja waliopimwa katika mamlaka moja ya afya, na zaidi ya mia moja walikutwa hawakutendewa ipasavyo. Miongoni mwa makosa yalikuwamo ya kupima na kusoma mistari kama hii. Wako waliochelewa miaka kujulikana kwamba hawasikii. Nchi hiyo haikupungukiwa na mitambo wala umeme. Palipopungua ni katika jicho la msomaji na katika mtu wa kulisahihisha jicho hilo.

Kwa hiyo fikira ya kumwachia mtambo usomaji haikuzaliwa na uvivu. Katika miaka ya 1980 huko Marekani ilitokea mitambo iliyolinganisha mstari wa mtoto na kigezo kilichotokana na majibu ya watoto wachanga wenye usikivu mzuri, ikapiga hesabu ya uwezekano, ikatoa neno moja kati ya mawili: amepita, au apelekwe kwa kipimo zaidi. Milio ilikuwa ya desibeli 35, sawa na sauti ndogo ya mazungumzo, na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kuutumia mtambo bila kujua kusoma wimbi hata moja. Mwaka 1984 Elberling na Don walitoa kipimo cha hesabu kilichouliza swali la busara zaidi: je, kinachoonekana katika mstari kinazidi kile ambacho kelele peke yake ingeweza kufanya? Kwa mitambo ya jamii hii nchi kadhaa ziliweza kupima watoto wote wanaozaliwa. Uingereza, katika sehemu yake ya England, ilikamilisha mpango huo mwaka 2006. Mitambo hii ina upofu wake. Mtoto mwenye upungufu mdogo, ambaye desibeli 35 humfikia kwa taabu lakini humfikia, hupita, na mamaye hurudi nyumbani na karatasi ya furaha.

Sasa imekuja mitambo ya namna nyingine, ile ambayo haikupewa kanuni bali imepewa mifano. Huonyeshwa mistari mingi pamoja na hukumu ya kila mmoja, ikatafuta yenyewe alama zinazotenga hukumu hii na ile, kama mtoto ajifunzavyo kutenga kuku na kanga bila ya kupewa maelezo ya manyoya. Mwaka 2019 watafiti wawili walichapisha jaribio ambalo linafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ya uzuri wake na kwa sababu ya udogo wake. Walichukua jozi 232 za mistari, wakawapa wataalamu wawili wa usikivu wazihukumu. Jozi 190 zilitumiwa kuifundisha mashine, na 42 zikafichwa kwa mtihani. Mashine iliyoshinda ilikubaliana na wataalamu kwa asilimia 92.9, yaani katika jozi 39 kati ya 42.

Mwenye kusikia habari hii mara ya kwanza hupiga vigelegele. Akiuliza swali la pili hunyamaza kidogo. Mistari ile yote ilitoka kwa watu wanane, na wote wanane walikuwa na usikivu wa kawaida. Hakuwamo mtoto aliyeugua umanjano, wala aliyepona homa ya uti wa mgongo, wala aliyetokwa usaha masikioni mwaka mzima. Watafiti wenyewe hawakuficha jambo hili, na jaribio la kwanza la njia mpya haliwezi kubeba ulimwengu mzima. Walakini ipo hatari kwamba asilimia itasafiri kwa kasi kuliko idadi ya watu walioizaa. Mashine iliyofundishwa kwa vichwa vinane huko mbali, ikiletwa katika wadi yenye joto, pangaboi, jenereta na watoto waliougua, itakutana na kelele ambazo haikufundishwa kuzijua.

Liko pia jambo la mwalimu. Mashine ilipoambiwa kwamba imepata au imekosa, kilichotumika kuwa kweli ni hukumu ya macho ya wataalamu wawili. Macho ndiyo yaliyolalamikiwa, na macho ndiyo yaliyowekwa kuwa mizani. Hapana ubaya katika hili, mradi lisisahauliwe: mashine ya namna hii haiwezi kujua zaidi ya iliyoyaona, na mwanafunzi aliyefaulu kwa kukubaliana na mwalimu hawezi kutumiwa kuthibitisha kwamba mwalimu hakukosea. Fadhila yake ni nyingine. Haichoki saa tisa alasiri kama ilivyokuwa saa tatu asubuhi. Haisomi mstari kwa jicho laini kwa sababu mama analia. Na ikikosea, hukosea kwa namna moja kila mara, hata kosa lake laweza kutafutwa na kusahihishwa, jambo lililo gumu kwa jicho la binadamu ambalo hukosea kwa hali ya siku.

Lakini jambo lililo bora katika jaribio lile halikuwa asilimia. Lilikuwa ni kwamba wataalamu hawakutakiwa kuchagua kati ya hukumu mbili. Walipewa tatu: jawabu liko wazi, jawabu halipo, haijulikani. Mtu wa mbali na kazi hii aweza kudhani hukumu ya tatu ni mlango wa waoga. Kinyume chake, ndiyo inayotaka elimu nyingi kuliko zote, kwa kuwa katika kupima usikivu kimya kina namna mbili, na namna hizo hufanana sana.

Kimya cha kwanza ni kile kilichothibitishwa. Milio imetolewa ya kutosha, mtoto amelala fofofo, kelele zimefutwa mpaka mstari umelala kama bahari ya asubuhi, na bado katika utulivu huo hapana kilima. Hapo aweza mtu kusema kwamba jawabu halipo, maana lingalikuwapo lingalionekana. Kimya cha pili ni cha mtu aliyeziba masikio. Mtoto alihangaika, misuli ilipiga, waya ulilegea, na mstari umejaa matuta mpaka jawabu, kama lilikuwapo, limezama ndani yake. Huko nako hapana wimbi la tano lionekanalo. Lakini hapa aliyeshindwa ni mpimaji. Mtoto huenda amejibu mara elfu mbili, kwa uaminifu, usingizini, na hapana aliyemsikia. Kuandika “halipo” juu ya karatasi ya namna hii ni kumrudishia mtoto lile kofi la kale kwa njia mpya: ameulizwa katika kelele, kisha amehukumiwa kwa kutojibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao hawakuwa na habari za mikrovolti.

Upo tena ugumu ambao hata kimya kilichothibitishwa hakiumalizi. Mwaka 1978 David Kemp wa London aligundua kwamba sikio zima lenyewe hutoa mwangwi hafifu baada ya kupokea mlio, na mwangwi huo ukatumiwa kupima koklea kwa wepesi. Kisha wakaonekana watoto ambao koklea zao zilitoa mwangwi vizuri, ilhali mistari yao ya shina la ubongo ilikuwa mitupu. Mwaka 1996 hali hiyo ilielezwa na kupewa jina kuwa ni ugonjwa wa mshipa wa sikio wenyewe. Umanjano mkali wa utotoni ni mmoja wa visababishi vyake, na ndiyo maana mtoto aliyepata umanjano hapimwi kwa mwangwi pekee. Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya watoto hao husikia milio vizuri kiasi. Nyuzi za mshipa wao zinapiga, ila hazipigi pamoja. Kujumlisha milio elfu mbili huhitaji kwamba jawabu litokee kwa wakati ule ule kila mara. Wapiga ngoma wasiofuata pigo moja, hata wakiwa mia, kwa aliye mbali huwa ni mvumo tu. Mstari ukawa mtupu, na mtoto hakuwa kimya. Mashine iliyofundishwa mistari peke yake haiwezi kuyatambua haya bila kuletewa kipimo cha mwangwi, habari za kuzaliwa, na maneno ya mama juu ya yale anayoyaona nyumbani.

Maneno ya mama yameonewa katika historia ya elimu hii. Mara nyingi mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuku, na mara nyingi aliambiwa asubiri, mtoto atasema akikua. Kusubiri kuna gharama. Mwaka 1998 Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado walichapisha kwamba watoto wenye upungufu wa usikivu waliotambuliwa kabla ya kutimiza miezi sita walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye, hata upungufu wao ulipokuwa wa kiwango kimoja. Tangu hapo nchi nyingi zimefuata mpango wa miezi: mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, hali yake ijulikane kabla ya miezi mitatu, aanze kuhudumiwa kabla ya miezi sita. Lugha inayohitajiwa kwa haraka hivyo si lazima iwe ya kinywa. Mtoto anayepewa lugha ya alama mapema, na wazazi wanaojifunza pamoja naye, huwa na lugha. Anayengojewa aseme hukosa zote mbili.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu watu milioni 430 wanaohitaji msaada kwa ajili ya upungufu wa usikivu, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ni katika nchi hizo ndimo wasomaji wa mistari walimo wachache, na ndimo mashine ingefaa zaidi. Lakini mashine hutoa neno kwa dakika chache, na baada ya neno hilo inahitajika miaka: kifaa cha kusaidia kusikia na betri zake, fundi wa kukirekebisha kadiri sikio linavyokua, mwalimu, nauli. Katika Tanzania upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea ulianza Muhimbili mwaka 2017. Kabla yake mgonjwa alipelekwa nje ya nchi. Kumjulisha mama wa kijijini kwamba mwanawe hasikii, kisha kumwacha na karatasi, ni jambo linaloweza kufanywa na mashine nzuri kabisa.

Mama yule wa mfano bado ameketi. Mtoto aliamka kabla ya sikio la pili kumalizika, akalia, akatulizwa, akalala nusu usingizi, akaanza kunyonya kidole. Mtambo uliendelea kupiga milio yake mpaka hesabu ikatimia, kisha ukaandika neno lake kwa kila sikio. Sikio la kulia: jawabu liko wazi. Sikio la kushoto: haijulikani. Mama asiyejua maana ya mstari alijua kusoma uso wa muuguzi, akauliza kwa sauti ndogo:

“Dada, ameshindwa?”

“Hakushindwa, mama. Sisi ndio hatukumsikia vizuri.”

Mama alilifikiri jawabu hilo kwa muda. Muuguzi alibandua vibandiko taratibu, akafuta ute uliobaki katika paji la uso, akaandika siku ya kurudi, Jumanne ijayo saa mbili, kabla jua halijawa kali. Akamkumbusha asimnyonyeshe njiani. Pangaboi likawashwa. Mlangoni mama alimweka mtoto begani, sikio la kushoto likielekea kinywa chake, akamwita jina, mara moja, kisha mara ya pili, wala hakuinua kichwa kutazama kama kuna aliyemwona.